Fukusi Katika Kunde za Jicho la Kwale

3 Machi

Leo ni mwaka wa thelathini na saba tangu nitoke kwetu. Siku ile ilinyesha. Leo mawingu yametanda tangu alfajiri lakini hayajaamua. Nimenyoa ndevu, nimevaa shati lililopigwa pasi, nimekaa dirishani kama mtu anayengoja wageni. Hakuna anayekuja. Ni mazoea yangu tu: tarehe hii sishiki kazi mpaka adhuhuri.

Daftari hili ni jipya, na daftari jipya ni kama jirani aliyehamia jana, hajui unatoka wapi wala unaogopa nini. Basi nilieleze mara moja. Mimi ni mjane, msahihishaji wa prufu mstaafu wa kiwanda cha uchapaji. Naishi chumba cha nyuma katika nyumba ya mwanangu. Yeye ni dereva wa lori, nyumbani huonekana kama mwezi mwandamo: kwa siku chache, na kila mtu anamwonyesha mwenzake. Mkewe ni fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho kiwanda chake. Ng'ambo ya mtaro nina kipande cha bustani. Chini ya kitanda nina kopo la bati, na ndani ya kopo nina mbegu za kunde.

Kunde hizo tunaziita jicho la kwale. Ni nyeupe kama maziwa, na kila punje ina doa la rangi ya kutu lililokizunguka kitovu. Nilitoka nazo kwetu zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kitambaa. Kila mwaka nazipanda, nazivuna, nazirudisha koponi. Na kila mwaka nasema, mwakani nitazipanda kule.

Mwaka huu maneno hayo yameota miguu. Juzi alipiga simu mdogo wangu wa kike, ambaye hakuwahi kuondoka.

"Kaka, njia imefunguka. Watu wanarudi. Shamba la baba lipo, nimeliona kwa macho yangu, magugu tu."

Nikaketi kitandani, kopo likiwa chini yangu.

"Na zile kunde za mama, bado unazo?"

"Ninazo."

"Usizile, kaka! Huku hakuna hata punje. Tulikula mpaka mbegu mwaka ule wa njaa, na wengine waliokuwa nazo hawakurudi."

"Mvua za huku zikiisha nitakuja nazo," nikamwambia. "Mkononi mwangu."

Nimeahidi, basi.

5 Machi

Mvua bado. Nimekagua mashati ya mkwe: uzi uliosahauliwa kwenye ukosi, kishikizo kilicholegea. Ni kazi yangu ile ile ya zamani, ila siku hizi makosa yana mikono miwili.

8 Machi, Jumapili

Jumapili ni siku ya kopo. Hili sijamwambia mtu. Kila Jumapili jioni nafunga mlango, nalivuta kopo, nafungua kifuniko, naingiza uso, navuta pumzi. Hapo naiona ghala ya mama, mwanga unaopenya kwenye fito, paka amelala juu ya gunia. Kisha nafunga, naendelea na wiki.

Leo nilipofungua, harufu haikuwa ile. Ilikuwa ya unga uliochacha. Nikatia mkono. Kopo lilikuwa na joto, kama limelaza mgonjwa wa homa. Vumbi laini likanishika vidoleni, na kisha mkono wangu ukaanza kutembea.

Fukusi. Nilimwaga kidogo kwenye gazeti, wakasambaa kama wanafunzi waliosikia kengele. Ni wadudu wa kahawia, wadogo kama punje ya ufuta, na mabawa yao hayafiki mwisho wa mgongo, kila mmoja kama mtu aliyevaa koti la mdogo wake. Na kunde zangu! Kila ya pili ilikuwa na tundu, duara kamili, safi, kama lililotobolewa na fundi viatu. Nyingine zilikuwa na matundu matatu, manne. Nilibonyeza moja, ikawa unga.

Mkwe aliingia bila kubisha, jambo ambalo si kawaida yake. Alikuwa ameshika shati jeupe.

"Baba, tangu juzi najiuliza hawa wanatoka wapi. Tazama." Fukusi mmoja alikuwa akipanda ukosi wa shati. "Haya mashati ni ya wauguzi. Mtu atalivaa akiwa kazini, mdudu amtokee shingoni mbele ya mgonjwa!"

Akaliona kopo. Akaona gazeti.

"Litoke nje, Baba. Leo hii."

"Hizi ni mbegu."

"Zilikuwa mbegu."

Huyu mke wa mwanangu ana ulimi kama mkasi wake: haupigi kelele, lakini ukipita kitu kimegawanyika. Akafika mlangoni, akageuka.

"Na hiyo safari yako, Baba, unaondoka lini hasa? Nataka nijue."

Nijue. Ajue nini? Siku ya kukihesabu chumba changu kuwa chake, aweke cherehani ya pili? Nililala na neno hilo. Kopo lililala barazani, juu ya matofali, kama mtu aliyefukuzwa.

9 Machi

Nimezichambua tangu asubuhi. Nilizitia kwenye beseni la maji. Zenye mashimo zikaelea, nikaziweka kando. Zilizozama nikazianika kwenye taulo, nikazikagua moja moja kwa kioo changu cha kukuzia, kile cha kiwandani. Hata baadhi ya zilizozama zina vidoa vyeupe vilivyoganda kwenye ngozi, vidogo kuliko nukta. Ni mayai. Anayetoka kwenye yai hupenya ndani, akaila punje kutoka moyoni, na wewe nje huoni kitu.

Kopo zima limebaki kikombe kimoja cha chai, na hicho nacho nina shaka nacho.

Huyu anayetembea, mwenye koti fupi, kumbe hali chochote. Anataga tu na kufa. Mwenye kula ni mtoto aliyejificha ndani.

10 Machi

Nimempigia dada. Sikuona maana ya kumficha.

"Zimebunguliwa," nikasema.

Ajabu, akacheka. "Basi hata wadudu wanajua za mama ni tamu." Halafu sauti ikashuka. "Zimebaki ngapi, kaka?"

"Kikombe."

"Mama alianza na konzi moja," akasema. "Kikombe ni utajiri."

Sijui kama mama alianza na konzi moja. Nadhani ameitunga papo hapo. Alikuwa mtoto wa namna hiyo: ukianguka, anakwambia sakafu ndiyo iliyopanda.

11 Machi

Mawingu. Waliojificha ndani lazima wauawe kabla ya kupanda, na kinachowaua bila kuiua mbegu ni joto la jua kali: unatandaza kunde juu ya kitu cheusi, unafunika kwa nailoni angavu, unaliacha jua lifanye kazi. Haya yote yamo kwenye kijitabu cha wakulima kilichopita mikononi mwangu miaka mingi iliyopita. Nilikisoma mara nne. Nilitazama herufi zote, wala sikusoma hata sentensi moja kama mtu anayehitaji kujua.

Nilimweleza mkwe mezani, kwa kulalamika tu. Akaendelea kula. Alipomaliza akasema, "Nailoni ninayo, ile ninayofunikia mashine. Kitambaa cheusi kipo. Jua ndilo sina."

12 Machi

Mawingu.

13 Machi

Mawingu. Fukusi watatu wapya kikombeni. Nimewaua kwa ukucha, nikaona aibu kwa jinsi nilivyofurahi.

14 Machi

Jua! Lilichomoza bila salamu, saa tatu likawa linauma. Mkwe alizima mashine, mteja akiwa bado amesimama mlangoni, akatoka na kitambaa cheusi begani. "Njoo jioni, mama," akamwambia mteja. "Nina mgonjwa."

Tulitandaza kitambaa uani, juu ya gunia. Kabla ya kumwaga kunde akachutama, akaanza kuzipitia kwa vidole. Nikampa kioo. Akakikataa.

"Hii ina dirisha, Baba."

"Ipi?"

"Hii. Ona, hapa ngozi imekuwa nyembamba, ina kivuli. Yuko nyuma ya mlango anajiandaa kutoka."

Nilitazama kwa kioo. Kweli, palikuwa na duara hafifu, kama alama ya kikombe kwenye meza. Mimi nilikuwa nimeipitisha. Akatoa nyingine, na nyingine, jinsi anavyochagua vishikizo vya rangi moja kwenye mkebe.

"Ungekuwa kiwandani kwetu," nikasema, "ungenifukuzisha kazi."

"Nisingekufukuzisha. Ningekwambia uvae miwani."

Tukafunika nailoni, tukazungusha mawe pembeni. Kufikia adhuhuri ukiweka kiganja juu yake ulikiondoa mwenyewe. Wachache walitoka kutafuta hewa, wakafia pale pale kwenye kitambaa cheusi. Tulikaa kivulini tukitazama, sina hakika kwa muda gani. Alinisimulia habari za baba yake, aliyekuwa mshona magodoro. Miaka yote hii sikuwahi kuuliza.

16 Machi

Leo amekuja Koki. Ni jirani yangu wa bustani, fundi bomba wa zamani. Jina lake halisi nadhani hata yeye amelisahau. Matuta yetu yamepakana. Mwaka jana tulivuna wiki moja, yeye choroko, mimi kunde. Alikuja na chupa ya plastiki ya soda, vumbi tupu kwa nje, choroko zikiwa zimejaa mpaka shingoni.

"Mzee wa herufi! Nasikia umeanza ufugaji."

"Usinichokoze, Koki."

"Wenzako wanafuga kuku, wewe umefuga waheshimiwa wenye makoti. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chako kimeingia mpaka nguo za wateja."

Mkwe alicheka chumba cha mbele. Nilimsikia.

Koki akafungua chupa. Kizibo kiligoma, kikaachia kwa mlio. Akamwaga choroko kwenye ungo: safi, za kijani, zinang'aa. Katikati yake palikuwa na fukusi wachache, wamekauka, miguu wameikunja. Punje mbili tatu zilikuwa na lile dirisha la mkwe. Nilipasua moja kwa kisu. Mdudu alikuwa ndani, mzima wa umbo, amekufa nyuma ya mlango wake.

"Uliweka dawa gani?"

"Dawa? Niliitupa nyuma ya tangi la maji nikaisahau. Nimeikuta leo nikitafuta spana."

"Hukuifungua hata mara moja?"

"Nifungue nikatazame nini? Choroko ni choroko."

Nilibaki nimeshika kile kisu. Siku zote nilidhani fukusi huingia ghalani kutoka nje, kama mwizi, na ndiyo maana nilinunua kopo lenye kifuniko cha kubana. Kumbe hutoka shambani. Hutaga kwenye maganda yangali kwenye mmea, nasi tunawavuna pamoja na kunde na kuwafungia ndani. Wa Koki walimaliza hewa ya chupa, wakafa. Wangu walipata hewa mpya kila wiki. Kila Jumapili niliinama juu ya kopo nikavuta pumzi ya kwetu, na wao wakavuta ya kwao.

"Kwani wewe ulikuwa unafungua?" Koki akaniuliza.

"Mara moja moja."

"Kufanya nini?"

"Kukagua."

Akanitazama. Yeye mwenyewe hakuzaliwa mji huu. "Kukagua," akasema taratibu. "Haya."

Hakunitania tena siku nzima, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko utani.

20 Machi

Mvua imeshuka usiku kucha, asubuhi udongo ulikuwa laini kama unga uliokandwa. Nimepanda. Zote.

Koki alisimama kwenye tuta lake ameshika kiuno. "Bakiza japo kiganja. Mvua haina mkataba na mtu."

"Nikibakiza nitazitazama."

Akachukua jembe, akaanza kunisaidia kufukia.

Hata zenye tundu moja nimezipanda, kwenye tuta la pembeni. Nani ajuaye.

22 Machi, Jumapili

Sina la kufungua. Nimekagua mashati.

25 Machi

Shingo ya kwanza imetokeza, imepinda, bado imebeba udongo kichwani.

29 Machi

Zimeota vizuri kuliko nilivyostahili. Kuna mapengo, tuta la tatu ni kibogoyo katikati, lakini zimeota. Na katika zile zenye tundu, karibu nusu zimeota. Ni dhaifu, jani moja limekatika ubavuni, ila zimesimama. Aliyekula hakufika kwenye chipukizi.

Nimemwita mkwe aje aone. Alikuja na futi shingoni, akachutama palepale kwenye matope.

"Hata hizi zilizoliwa?"

"Hata hizo."

"Sogea, unazikingia jua."

7 Aprili

Palizi. Mgongo.

13 Aprili

Mvua imekata. Hii ni siku ya tano bila tone, na upepo unakausha. Majani yanakunjika mchana.

16 Aprili

Bado. Nimechota maji kwa ndoo mpaka mkono wa kushoto ukagoma. Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro nikijisemea kuwa mzee anayebeba maji kumwagilia ahadi ni kichekesho. Nilimkasirikia dada kwa kupiga simu, nikamkasirikia mama kwa kupenda kunde.

Koki alitokea na bomba la mpira lililoviringwa begani kama chatu.

"Nani kakwambia ubebe ndoo? Mimi nimekufa?"

Aliunga bomba kwenye koki ya barazani kwake, akalipitisha juu ya mtaro kwa viungo alivyookota stoo. Kila kiungo kilivuja.

"Fundi bomba gani wewe!" nikamwambia.

"Hayo yanayovuja ni ya choroko zangu. Ushuru."

Tumemwagilia mpaka jua likazama.

19 Aprili

Mvua imerudi. Koki anadai ni yeye aliyeiita.

2 Mei

Maua. Zambarau iliyopauka, yanafunguka asubuhi na kufunga adhuhuri, kama ofisi.

10 Mei

Mwanangu amerudi. Amekonda, ananuka dizeli, amelala tangu alipofika. Alipoamka alikuja bustanini na kikombe cha chai, akasimama akitazama kunde kwa adabu, kama mtu anayetambulishwa kwa ndugu wa mbali.

"Baba, kampuni imepata mizigo ya kule kwenu. Njia ile ile mliyotokea, nadhani. Naanza mwezi wa saba." Akanywa chai. "Kiti cha pembeni kipo wazi. Nikupeleke."

Amesema "kule kwenu". Hakusema kwetu. Na kwa nini aseme? Alizaliwa hapa, hospitali ya mtaa wa tatu, siku umeme ulipokatika.

Nimemwambia sawa. Moyo uliruka kama wa kijana, kisha ukatua mahali sipajui.

11 Mei

Nimetoa sanduku, nimelifuta vumbi.

24 Mei, Jumapili

Maganda yamejaa, ya chini yameanza kupata njano. Leo asubuhi, juu ya ganda moja la njano, nimemwona. Koti fupi. Alikuwa akitembea polepole, akisimama, akiinamisha mkia, akiendelea. Anataga.

Nilimponda. Nikamwona mwingine tuta la pili.

Hapa nina shauri gumu, nimelifikiria mchana kutwa. Mama hakuvuna kunde mpaka maganda yote yakauke kwenye mmea. "Mpaka yalie kama njuga," alikuwa akisema. Tulikuwa tukipita tukiyatikisa, na yasipolia tunaacha. Miaka yote hii nimefanya hivyo hivyo. Lakini ganda lililokauka likiachwa shambani ndiyo meza yao: wiki mbili tatu kila fukusi wa mtaa huu anapita kutia mayai. Pengine kule kwetu, kwenye baridi ya mlimani, hawakuwa wengi. Hapa ni joto.

Nilimwambia mkwe kwamba nitavuna kila ganda siku linapoiva, na kwamba naona kama namvunjia mama amri.

Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. "Mama yako angekuwa hapa, angengoja?"

"Hakuwahi kuwa hapa."

"Basi hakutoa amri ya hapa."

27 Mei

Ganda baada ya ganda, kila asubuhi. Koki ananiita daktari anayepita wodini.

6 Juni

Mavuno yanaendelea. Usiku uliopita paa lilipigwa na mvua ya mwisho mwisho, ile isiyo na nia.

Leo nikipukuchua barazani nimelijua jambo ambalo mtu mwenye akili zake angelijua zamani. Nilishika punje moja. Nikajiuliza, wewe umewahi kuona kwetu? Hajaona. Wala mzazi wake, wala mzazi wa mzazi wake. Zile zilizotoka kwenye pindo la kitambaa zilioza ardhini mwaka wa kwanza ili kuzaa nyingine, jinsi mbegu zote zifanyavyo. Tangu hapo kila kunde niliyoila, kila niliyoinusa, imezaliwa ng'ambo ya mtaro huu, imekunywa maji ya mji huu na uvujaji wa Koki. Hata zinaiva mapema kuliko za mama; nimelinganisha na kumbukumbu zangu.

Doa ni lile lile. Kutu ile ile.

Sikuhuzunika. Nilimaliza kupukuchua sinia zima, nikaomba chai.

13 Juni

Jua kali. Kitambaa cheusi, nailoni, mawe pembeni. Safari hii hakikutosha kitambaa kimoja. Mkwe ameongeza cha pili, amevishona pamoja bila kuambiwa.

Tulipokuwa tumekaa kivulini, yeye akikata kitambaa cha kazi yake, akasema, "Baba, mwezi wa tatu nilikuuliza unaondoka lini. Hukunijibu."

"Nilidhani unakitaka chumba."

Aliweka mkasi chini. Sijawahi kumwona akiuweka mkasi chini katikati ya kitambaa.

"Chumba? Chumba cha nini, Baba? Wamenipa kazi ya sare, shule nzima, mashati na sketi. Walitaka jibu. Kama upo, naichukua. Kama haupo siichukui. Nani atakagua? Huyu mume wangu hajui hata upande wa nje wa shati."

"Ungeniambia hivyo."

"Nikuambie usiende kwenu kwa sababu ya vishikizo?" Alichukua mkasi tena. "Nina adabu zangu."

Nimesahihisha maandishi ya watu maisha yangu yote, na nimeisoma vibaya sentensi moja ya mtu ninayekula naye kila siku.

"Bado wanangoja jibu?"

"Mpaka mwisho wa mwezi."

15 Juni

Tumejaza chupa. Koki alileta za soda, amezisugua kwa mchanga mpaka zikang'aa. Unajaza, unagonga chupa mezani, kunde zinashuka, unaongeza, unagonga tena, mpaka shingoni pasibaki nafasi ya hewa. Kisha kizibo, kisha nta ya mshumaa kuzunguka. Jumla tumepata za kutosha kupanda shamba la baba na kubaki.

Moja ni ya Koki. Moja ya mkwe, ameiweka juu ya kabati la uzi. Anasema rangi zake zinamfurahisha. Nyingine zimo sandukuni.

21 Juni, Jumapili

Jioni nilifunga mlango, nikafungua sanduku, nikashika chupa. Kidole gumba kilikuwa tayari juu ya nta. Sikukumbuka kukiweka pale.

Niliirudisha, nikatoka, nikaenda kukaa na mkwe kwenye mashine mpaka alipozima taa.

22 Juni

Najijua. Safari ni siku nne kwa lori. Chupa ikiwa mapajani mwangu, njia ikianza kupanda, vilima vikianza kufanana na vilima, nitaifungua. Nitasema nakagua. Na nikifika nitaifungua tena, kulinganisha na hewa ya kule, na wiki ijayo tena, na mvua zitakapofika dada atapanda matundu.

Mbegu hizi zinahitaji mchukuzi asiyezikumbuka. Naye yupo, amelala chumba cha pili, anakoroma kama gari lake.

28 Juni

Nimemwambia mwanangu. Alikuwa akifunga kamba za viatu.

"Nizipeleke mimi? Peke yangu?"

"Wewe. Mpe shangazi yako mkononi. Usifungue, asifungue, mpaka siku ya kupanda. Mwambie avune kila ganda siku linapoiva, asingoje njuga."

"Njuga gani?"

"Yeye anajua."

Aliinua kichwa, kamba moja bado mkononi. "Na wewe je, Baba? Miaka yote hii..."

"Kuna kazi ya sare," nikasema. "Shule nzima."

Mkwe alikuwa mlangoni. Aliingia chumba cha mbele, nikamsikia akipiga simu, akisema ndiyo, tunaichukua, ndiyo, tuko wawili.

3 Julai

Lori limeondoka alfajiri. Mwanangu ameweka chupa kwenye kile kiti cha pembeni, amezifunga mkanda. Koki alisema hajawahi kuona kunde zinasafiri daraja la kwanza.

9 Julai

Dada amepiga simu. Alikuwa anacheka na kulia, nikamwachia amalize vyote viwili.

"Kaka, mwanao amefika. Ana pua ya baba! Nimemtambua akiwa bado juu ya lori."

"Amekupa chupa?"

"Amenipa, lakini amenikatalia nisifungue. Nimemwambia hizi ni za mama yangu mzazi, akaniambia, shangazi, ni amri kutoka juu. Nimeziona kwa nje tu. Ndizo, kaka. Doa ndilo lile."

"Utapanda lini?"

"Mvua ya kwanza. Tayari nimefyeka. Majirani wawili wameshaomba kiganja, nimewaambia wangoje mavuno." Akavuta pumzi. "Nimeacha sehemu karibu na kisima, nimesema ya kujenga. Chumba kidogo tu. Unakuja lini?"

Nilikuwa na shati la shule mapajani, la mtoto wa darasa la kwanza, mkono wake haufiki hata urefu wa kalamu mbili. Niliuona uzi uliosahauliwa kwenye ukosi. Niliukata kwanza.

"Mpe mwenye kuomba mbegu alime hiyo sehemu," nikamwambia. "Mimi sitarudi."